Mfarishi wa Mama Uliofika Nusu

Mama alipokufa aliniachia mfarishi uliofika nusu. Risasi iliyopotea ilipenya ukutani, chokaa ikamwagika chumba kizima, naye alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, sindano mkononi. Wakati ule wa vita, Bujumbura watu walikuwa wakifa hivyo, na majirani wakishatoa pole walirudi nyumbani kukagua kuta zao.

Mfarishi ni blanketi la vipande vya kitenge, lenye pamba katikati, linaloshikwa na mishono midogo inayopita juu hadi chini. Nusu ya mama ilikuwa imejaa maua ya mishono yaliyoshikana. Nusu ya pili haikuwa na mshono hata mmoja. Mimi sikujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Usichanani nilijifanya mtu wa shule, nikamwambia mama kwamba mablanketi yanauzwa sokoni, ya nini kujiumiza macho. Sasa nilitaka jambo moja tu: kuumaliza mfarishi ule kama yeye angeumaliza.

Mtaani kwetu Buyenzi kulikuwa na kikundi cha akina mama washonaji. Walipopanga safari ya masomo kwenda Gasenyi, nje ya mji, kwa bibi aliyemfundisha mama kushona, niliomba nafasi. Bibi huyo alikuwa ameishi Kamenge, mtaa mwingine wa mjini, miaka mingi mpaka vita vikamtoa. Safari iliahirishwa mara mbili kwa sababu barabara ilifungwa. Ya tatu tuliruhusiwa, ila tuwe tumerudi kabla ya saa kumi.

Siku tatu kabla ya kuondoka niliufua mfarishi. Nani anakwenda ugenini na kitu kichafu? Ulikuwa umejaa chokaa, na ile nusu isiyoshonwa ilikuwa na michirizi myeupe kila mahali. Niliusugua kwa sabuni yote iliyokuwamo nyumbani, hata kipande chembamba nilichokikuta kwenye kopo la sindano za mama. Nikauanika, nikauona unang'aa, nikajisifu.

Bibi alikuwa mdogo wa mwili na mkali wa macho. Alimwambia kiongozi wetu, aliyekuwa ameshona kwa miaka ishirini, kwamba mishono yake ni ya kufungia gunia la maharage. Tulicheka, na kiongozi naye akacheka. Mimi nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Zamu yangu ilipofika, bibi alipitisha kidole kwenye maua polepole.

"Huu ni mukono wake," akasema. Kisha akageuza ile nusu ya pili, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. "Mistari iko wapi?"

"Mistari gani, bibi?"

"Yenye alichora. Mama yako hakuanza kushona kama hajachora yote."

"Mi niliufula, bibi. Ulikuwa na vumbi ya chokaa."

Aliukunja mfarishi magotini.

"Ile yote haikuwa vumbi, mutoto wangu."

Nasema kweli, nilimkasirikia yeye. "Basi unichoree, bibi. Si ni we ulimufundisha?"

"Kushona, ndiyo. Kuchora, apana. Kila mutu anachora yake. Mi sijui alitaka kuweka nini hapa."

Wenzangu waliangalia chini. Bibi akachukua kisu na kipande cha sabuni kavu, akakichonga mpaka kikawa chembamba kama kucha, ili awaonyeshe wengine jinsi ya kuchora. Nilikitambua mara moja. Kilikuwa na umbo lile lile la kipande cha kwenye kopo. Mistari ya mama niliifuta kwa sabuni ile ile aliyoichorea.

Bibi alinikabidhi kile kipande nichore ya kwangu. Nilikishika mpaka saa ya kurudi ikafika, kikalainika kwa jasho, na sikuchora kitu.

Kushona nilijifunza baadaye, na wengine nimewafundisha. Kila mwanafunzi wangu namwambia siku ya kwanza: usifue kitu cha marehemu kabla hujauliza. Mfarishi wa mama ninao, najifunika kila kiangazi, baridi inapoingia. Ile nusu isiyoshonwa haishiki pamba. Usiku inateremka yote kukusanyika miguuni, na asubuhi nakaa kitandani naisukuma kwa vidole, kidogo kidogo, irudi mahali pake.