Orpha Alitoboa Paa Lake la Majani

Asubuhi, mtaa wa Kabondo. Orpha Lifoko amepiga magoti jikoni mwa mteja, anawasha kipande cha karatasi kwenye mdomo wa jiko jipya la chuma. Anautazama moshi. Ukimrudia usoni, atalifungua bomba lote na kuanza upya. Leo unapanda wote.

"Sasa unaweza kutia kuni, makala, hata unga ya mbao," anamwambia mwenye nyumba. "Lakini bomba isiguse mbao ya paa. Na dirisha usifunge, mama. Moshi yenye haionekane njo iko naua."

Anayasema hayo akikusanya vyombo vyake, bila kumtazama. Tangu mwezi uliopita, fundi huyu, mama wa watoto watatu, hupata shida kuwatazama wateja machoni.

Anaishi ng'ambo ya mto, Lubunga, katika nyumba iliyoezekwa kwa ndele, yale majani ya msituni. Kwa miaka minne amefunga majiko ya watu, na miaka hiyo yote yeye amepika kwenye mafiga, moshi ukimtoa machozi. Bomba la moto halipitishwi kwenye paa la majani. Ndilo jambo la kwanza alilofundishwa. Ilimpasa apate mabati kwanza, na malipo ya jiko moja hulisha nyumba siku tatu, basi.

Hakuna mteja aliyejua. Kisha Jumamosi moja Mama Kaswera, mwenye duka la jumla la maharage, alivuka kwa mtumbwi bila kutuma neno. Alitaka kuona jiko la fundi kabla ya kuagiza lake.

Alimkuta Orpha ameinama, anapuliza moto wa mafiga, kope zimejaa majivu.

"Kumbe, dawa unauzisha wengine, weye mwenyewe haunywe?" aliuliza kwa sauti ya chini. Akakataa kiti, akarudi mtoni.

"Ningemuambia tu kama paa yangu iko ya majani," anasema Orpha. "Neno ilikuwa mu kinywa. Haya ikaimeza."

Jioni hiyo akalichukua jiko la kuonyeshea wateja, akatoboa ndele, akazungushia bomba kipande cha bati na kujiambia atakuwa mwangalifu.

"Nilijua. Mikono yangu ilijua. Nikafanya."

Kesho yake, mboga ya sombe ikiwa motoni, majani ya paa yakashika moto. Watoto walikuwa nje. Papa René, jirani yake, alipanda ukutani na ndoo, majirani wakimpokeza maji. Nyumba ilipona, upande wa jikoni ukabaki wazi, mbingu inaonekana.

Papa René aliposhuka, shati limelowa, aliuliza polepole: "Orpha, si ni weye ulitukatalia siye bomba? Ukasema paa ya ndele, hapana?"

"Ndiyo, papa," alijibu, akatazama chini. Mpaka leo, anasema, swali hilo linamchoma kuliko moto wenyewe.

Wiki iliyofuata alivuka mpaka dukani kwa Mama Kaswera, akamweleza yote mbele ya wanunuzi. Mama yule aliendelea kupima maharage.

"Kwa jiko haukunidanganya," alisema mwishowe. "Ulinificha paa. Nitafikiri."

Hajaagiza bado. Siku hizi, kabla ya kupokea kazi, Orpha humwambia kila mteja kwamba kwake paliungua, na kwa nini. Wawili wamemrudisha nyumbani. Wengine humsikiliza, kisha huinua macho kutazama paa zao.

Sasa anapika uani. Anafyatua matofali ya banda la jiko litakalosimama mbali na nyumba, na kila anapoweza kubana malipo ya kazi ananunua bati moja la kuliezekea, analiweka chini ya kitanda. Anataka banda hilo liwe kubwa, majirani wenye paa za majani wapate kupikia humo.

"Nitaita wote wenye niliwakatalia," anasema, na kwa mara ya kwanza anainua uso. "Papa René njo atawasha moto ya kwanza. Kama atakubali. Sijamuuliza bado."