Ruba Niliyempeleka kwa Shangazi Lukresia

Wenzangu, kuna aibu ambayo leo naisimulia kwa sababu kila siku mnaniuliza kwa nini tukifika Michenga mimi nainamisha kichwa.

Kazi yangu mnaijua, pale maabara Ifakara: tunatafuta faji, yaani virusi vidogo mno ambavyo mtu havimgusi, vyenyewe vinaua bakteria tu. Sasa shangazi yangu Lukresia, dada yake baba, anayeishi huko Michenga, alijikata na jembe mguuni, kidonda kikawa hakisikii dawa (bakteria wake walishazizoea), na daktari wetu akaniambia tukipata usaha kidogo tutajaribu kutafuta faji anayewashika hao hao, mradi shangazi akubali kwa hiari yake. Maana kilichokuwa kinafuata ni kuukata mguu. Nikatumwa mimi, kwa kuwa ni damu yangu.

Njiani bodaboda akasimama kusalimiana na watu waliokuwa wanapalilia mpunga, nikamwona mama mmoja anajibandua ruba aliyekuwa anamfyonza damu kwenye kifundo cha mguu, na hapo hapo nikaona nimepata mfano, kwani ruba naye si anashika? Nikaomba mmoja, nikamtia kwenye chupa ya maji, nikaendelea na safari najiona mwalimu kweli kweli.

Nilimkuta shangazi amekaa kwenye mkeka uani, mguu kaunyoosha, na majirani kawaita nao wasikie (hakutaka kesho aambiwe amejiuza kwa watu wa maabara). Nikawaamkia wakubwa wote, nikaeleza, na naomba mniamini kwamba nilieleza vizuri: faji ana kichwa, ana mkia na vijimguu vyembamba, akikutana na bakteria anampapasa kwanza juu ya ngozi, asipokuta vile vishikio anavyovijua anaachia anaenda zake, akivikuta anakaza hang'oki tena, halafu mkia unatoboa, anamwingizia vitu vyake, wanazaliana humo ndani mpaka bakteria anapasuka. Nikasema mwili wa mtu hauna vishikio hivyo. Shangazi alikuwa ananiangalia, anaitikia kwa kichwa taratibu.

Ndipo jirani yake, Mzee Kasiani, akauliza kwa upole, "Na hao bakteria wakiisha, huyo faji atashika nini?"

Jibu lilikuwa fupi tu: hashiki kitu, anaisha mwenyewe. Mimi badala ya kulisema nikatoa chupa.

Nikawaambia waangalie, huyu ruba nitamweka kwenye sahani ya plastiki, na kwa kuwa plastiki si ngozi hataishika, basi na faji ni vivyo hivyo. Nikamweka, akashika. Nikapindua sahani, akaning'inia pale pale (mimi mtoto wa mjini, ruba nilikuwa nawasikia tu, ningejuaje kwamba wanashika chochote?). Mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikasema sahani ina mafuta, nikaomba sufuria, akashika sufuria, nikavaa glavu nimbandue, akashika glavu, nikatikisa mkono polepole, halafu kwa nguvu kwa sababu jasho lilishaanza kunitoka na kina mama walishaanza kusogea nyuma, na ruba akaruka, akatua juu ya bandeji ya shangazi, akaanza kujivuta kuelekea palipolowa damu.

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mzee Kasiani alimtoa kwa kumnyunyizia ugoro wake, bila kunitazama. Shangazi akavuta khanga, akaufunika mguu wote.

"Deo mwanangu," akasema, "beba vitu vyako uende. Mguu wangu niachie."

Nilirudi kumbembeleza, akakataa. Daktari mwenyewe akaenda, akapewa kiti na chakula, akakataliwa. Masika yalipoanza mguu ukakatwa chini ya goti. Sisemi kwamba faji angemponya, pengine tusingempata kabisa, lakini hata kutafuta hatukutafuta, na hilo linaniuma jamani, linaniuma sana.

Juzi nilikwenda kumwona. Alikuwa anachambua mchele, magongo ya kutembelea kayaegemeza ukutani, nikaanza tena kumwomba radhi kwa ajili ya yule ruba, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mimi nilikuwa nimeshakubali," akasema, macho kwenye ungo. "Ulipomaliza tu kueleza, nilikuwa nangoja uniulize."

Ni kweli, sikumuuliza. Nilikaa pale nikamsaidia kuchambua mchele. Tangu hapo, nikimweleza mtu jambo linalohusu mwili wake, nikaona anaitikia, namuuliza hapo hapo kama anakubali, halafu nafunga mdomo wangu.