Jataya wa Tatu

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana ulipomwambia mdogo wako mbele ya wageni kwamba gemu yake mpya ni takataka, siku hiyo ilinirudia yote. Keti hapa. Hiyo simu iweke chini kidogo, haitakimbia.

Ilikuwa Jumapili, miaka ya tisini, Migori, upande wa Suna. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha gemu: runinga moja, mashine moja, benchi mbili na vijana wengi wakisukumana. Mwenye kibanda alikuwa Msabato, Jumamosi hafungui, kwa hiyo Jumapili tulikuwa tukifika na hamu ya siku mbili. Gemu yetu ilikuwa ya mzee mmoja mwenye kofia anayepita mapangoni na taa ya mafuta. Jina lake la Kizungu hakuna aliyelijali. Sisi tulimwita Jataya, yaani mtu wa taa kwa Kijaluo. Ile taa ilikuwa inaisha mafuta, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Ukikawia, giza linaingia na popo wanakushukia. Mimi nilikuwa bingwa wa Jataya Suna nzima, wala sisemi hivi kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Mdogo wangu Ouma alikuwa akikaa nyuma yangu. Gemu ilikuwa ya mchezaji mmoja, na mkubwa nilikuwa mimi. Kazi yake yeye ilikuwa kunipigia kelele: "Popo kushoto! Ruka, omera, ruka!" Omera, yaani ndugu, ndivyo alivyoniita.

Baadaye akaja Jataya wa pili. Huyo walimpa mtumbwi. Nilimpenda nusunusu, maana mito ilikuwa inapendeza lakini mapango yalikuwa mafupi, unaingia tu na umeshatoka. Nilinuna wiki nzima, kisha nikaimaliza ile gemu mara nne.

Ouma akaenda Mbita kujifunza kutengeneza injini za boti. Jumapili hiyo ninayokuambia, alirudi Migori, akaja kibandani na kitu kimefungwa kwa gazeti. Ilikuwa kaseti ya Jataya wa tatu. Suna hakuna aliyewahi kuiona. Aliipata kwa kubadilishana na redio yake, ile aliyokuwa halali bila kuisikiliza.

"Omera, nimekuletea," akasema, meno yote nje. "Hii tutacheza wawili."

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia, mwanangu, ila hayakuniingia. Nilikuwa nimeshaishika padi ya kuchezea. Nikaanza kucheza peke yangu, nikingoja taa ipungue. Haikupungua. Nikangoja tena. Taa ilikuwa haiishi mafuta kabisa! Na ule muziki wa pangoni, uliokuwa ukinisimamisha nywele, walikuwa wameubadilisha ukawa kama wa harusini. Niliona kama nimeibiwa. Nikaichomoa kaseti mashine ikiwa bado inawaka, nikaiinua juu kila mtu aone.

"Huyu si Jataya! Hii ni takataka. Aliyeileta hajui gemu."

Kibanda kizima kikacheka. Ouma akanyoosha mkono, akaichukua kaseti, akaifuta kwa shati lake, akaifunga tena kwenye lile gazeti polepole. Siku hiyohiyo akarudi Mbita.

Krismasi hakuja. Pasaka hakuja. Barua ya mama hakuijibu, na mama akawa anamuuliza kila anayetoka pande za Mbita kama amemwona mwanawe. Mimi nilijiambia ni hasira za kitoto, zitapita. Lakini pale kibandani, kila nikifika kwa popo wa kushoto nilikuwa nakufa. Aliyekuwa akinionyesha hakuwapo, na moyoni nilijua ni mimi niliyemfukuza.

Siku moja nilikuwa nikimsaidia nyanya, mama yake baba, kuondoa mchanga kwenye omena, wale dagaa wa ziwani. Akaniuliza tuligombania nini. Nikamweleza yote, taa, mafuta, muziki. Kwanza alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema kwa Kijaluo, nami nakupa kwa Kiswahili:

"Ogola, wewe tulikuita jina la nani?"

"La ndugu wa babu."

"Ogola yule alikuwa anapiga nyatiti, ile ala yetu ya nyuzi, watu wanatoka mbali kuja kumsikiliza. Alipokufa tukakupa jina lake. Wewe hata kupiga makofi kanisani unakosea. Yuko mtu aliyewahi kukuinua mbele ya watu akasema, huyu si Ogola?"

Nikainamia omena.

"Tulikupa jina ili tupate mtu wa kumpenda tena," akasema. "Hatukutaka uwe yeye. Nenda Mbita. Na usiende kumfundisha gemu, nenda mcheze."

Nilimkuta Ouma ufuoni, mikono imejaa grisi, injini imefunguliwa mbele yake. Hotuba niliyoipanga njia nzima ikapotea.

"Nimekukosea, ndugu yangu," nikasema. "Uliniletea zawadi, nikakuaibisha mbele ya watu."

Akajifuta grisi kwa kitambaa. "Ile ya kwanza," akauliza, "ulishawahi kuniona nikicheza?"

Nikatafuta kichwani, nikakosa. "Hapana."

"Mimi nilikuwa naangalia mgongo wako tu, miaka yote hiyo. Hii ya tatu iko na padi mbili. Ndiyo maana niliitafuta."

Mwanangu, aibu niliyoiona siku hiyo sijaiona tena.

Chumbani kwake alikuwa na mashine aliyoifufua mwenyewe na runinga ndogo iliyounganishwa na betri ya gari. Tukaketi mkekani, kila mmoja na padi yake. Huko ndani ya gemu walikuwa akina Jataya wawili. Mmoja akianguka, mwenzake anasimama na taa kumngoja mpaka apande juu. Ndipo nikaelewa kwa nini taa ile haiishi mafuta: ungemngojaje mwenzako gizani? Ouma alikuwa hodari kuliko mimi. Aliningoja mara nyingi sana alasiri hiyo, bila kunicheka. Popo walipotokea kushoto tulipiga kelele pamoja. Betri ikaisha kabla hatujamaliza, na Krismasi iliyofuata alikuja nyumbani.

Sikuambii udanganye. Ule muziki ni mbaya hadi leo, na Ouma akija hapa lazima nimwambie. Naye hunijibu kwamba Jataya wa kwanza ni gemu ya wachoyo. Kutopenda ni haki yako. Ila kitu kipya usikidai kiwe kile ulichokizoea, kicheze kwanza mpaka ujue kimekuja na nini. Na kabla ya kufungua mdomo, mtazame aliyekuletea, ujiulize alitaka nini kwako. Mimi nilitazama kaseti, nikakaribia kumpoteza ndugu.

Mungu akupe miaka mingi ya kucheza, mwanangu. Akupe vipya vya kupenda hata unapovitamani vya zamani, na asikunyime kamwe mtu wa kukuonyesha popo wa kushoto. Sasa inuka. Mdogo wako yuko chumbani peke yake, na nimechungulia ile gemu yake: ina nafasi ya mtu wa pili.