Nilipoachwa na Meli Jinja

Wazungu waliozunguka ziwa kwa meli walipangiwa kila kitu. Kila bandari gari liliwangoja, limelipiwa kabla hawajaondoka Kisumu. Sisi watumishi tulibaki melini tukifua. Mimi nilikuwa yaya wa walowezi wa Kaptagat, na kukaa ndani kama kuku aliyetamia huku nchi ngeni iko mbele ya macho kulinishinda. Tulipofika Jinja, bwana na memsahibu wakamchukua mtoto wao wakaenda kula hotelini. Kabla hawajaondoka nilikuwa nimeomba ruhusa ya kushuka.

"Ukisikia honi, uwe ndani," memsahibu akaniambia.

Gatini nikampata mtu wa baiskeli.

"Mama, nakupeleka kuona maji?"

"Nipeleke. Lakini nitakulipa ukishanirudisha hapa hapa."

"Meli yenu natoka saa ngapi?"

"Itapiga honi."

Akanitazama kama mtu mwenye neno, kisha akanipangusia kiti cha nyuma. Mimi sikuona shida. Kwetu Eldoret, treni ikilia stesheni, hata watu wa Kapseret, nje kabisa ya mji, walijua imefika. Nani aliuliza saa?

Kwenye maporomoko nilishuka baiskelini. Ziwa zima lilifika kwenye mwamba likaanguka, jeupe kama maziwa yanayofurika sufuria, na ardhi ikitetemeka. Samaki wakubwa waliruka kupanda yale maji, wakaangushwa, wakaruka tena. Mwenye baiskeli akanipigia kelele sikioni: "Maji haya naenda mpaka Misri!"

Misri! Kwa Farao! Mto alimofichwa Musa, ambao tangu utotoni nilidhani uko ndani ya Biblia tu, nami nimesimama mwanzoni mwake, kitambaa cha kichwa kimelowa. Mto wetu ni Sosiani, unauvuka umeshika sketi. Nikang'oa nyasi nikazitupa majini, kama bibi alivyonifundisha kuusalimu mto usioujua. Nikalia. Niliogopa, nikafurahi, nikasahau kabisa kwamba nina mwajiri.

Honi ilipigwa, bila shaka. Katika ngurumo ile hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

Tuliporudi, meli ilikuwa imeshafika mbali, memsahibu amesimama ukingoni mwa meli na mtoto mkononi. Nikamlipa mwenye baiskeli haki yake, maana kosa halikuwa lake. Akanionyesha stesheni, nikapanda treni ya kwetu.

Kazi ikaisha, na kazi yenyewe ndiyo iliyolisha nyumba ya mama yangu. Mama alininunia mpaka mahindi mapya yakaiva. Majirani wakaniita yaya aliyeuza kazi kwa maji. Nikaendelea kupalilia. Ningewaeleza nini?

Siku ya kuniachisha kazi, memsahibu aliniuliza kilichonikawiza. Nikamweleza yote, mpaka wale samaki. Akasikiliza, kalamu mkononi juu ya barua ya kuniachisha, kisha akasema ni vizuri, naye atayaona maporomoko safari nyingine.

Kabla hajarudi huko, serikali ikajenga bwawa. Maji yakapanda, na maporomoko yakazama.