Soksi Ndani ya Tundu la Betri

Niliziba tundu la kupumulia la gari la mama kwa soksi zangu za shule. Zote mbili. Nasema mapema ili usinionee huruma ukifika katikati. Na si ati nilikuwa nacheza. Nilizikunja vizuri kama chapati, nikazisukuma ndani kwa kidole, nikarudisha kifuniko, kisha nikapangusa alama za vidole kwa mkono wa shati, kama mwizi aliyesoma. Nilikuwa namlipizia khocha, yaani mjomba wangu. Ujinga wenyewe hata si kuziba. Ujinga ni kutumia soksi ambazo matroni wa bweni alitulazimisha tushone namba zetu kwa uzi mwekundu.

Gari lenyewe ni haibridi. Kitale ukisema haibridi watu wanafikiria mbegu ya mahindi, kwa hivyo mama alipolileta, jirani mmoja hapa Matisi aliuliza tutalipanda mwezi gani. Ni gari la Kijapani lililotumika. Lina injini ya petroli kama magari ya watu wengine, halafu lina betri kubwa nyuma ya kiti cha nyuma, inayosaidia injini kusukuma. Ukiliwasha halingurumi. Linakutazama tu. Siku ya kwanza mama aliliwasha mara nne akidhani limegoma, kumbe liliwaka tangu mara ya kwanza na yeye ndiye alikuwa akilizima.

Tulilipeleka kwa fundi wa mtaa wa Tuwan aliyekuwa akitengeneza kila kitu, hata redio ya kanisa. Akafungua boneti, akaona waya nene za rangi ya machungwa, akaifunga polepole kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu ndani. "Mwalimu," akamwambia mama, "hii si gari, hii ni transfoma. Mimi nina watoto."

Hapo ndipo mama alijua kwamba ile betri ikifa, hakuna wa kuifufua Kitale wala Bungoma. Na gari hilo ndilo lilikuwa digrii yake. Mama anafundisha shule ya msingi hapa Matisi, na wakati huo alikuwa akienda Bungoma kila Jumamosi na kila likizo kusoma. Kabla ya gari alikuwa akifika darasani wenzake wanafunga vitabu. Hili lilikuwa linalamba mafuta tu, halinywi, kwa hivyo mshahara ulitosha. Alituambia mezani, mimi na baba, bila mzaha: "Betri ikifa, naacha masomo. Sina njia nyingine."

Basi nikafanywa daktari wa gari. Nilikuwa Form Two, sijui kitu, lakini mama alinipa brashi ndogo ya rangi na kitabu cha gari, ambacho picha zake tu ndizo tulielewa kwa sababu maandishi yalikuwa ya Kijapani. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye kifuniko cha vitobo vitobo. Hapo ndipo betri inavuta hewa ya kujipoza. Ikikosa hewa inachemka, na ikichemka mara nyingi inakufa. Kila nikiwa nyumbani nilipiga brashi hapo Jumapili baada ya kanisa, nikaangalia upepo wa magurudumu, nikamwagia maji moto vichwa vya betri nyingine, ndogo ya kawaida, iliyo kwa buti. Sheria ilikuwa moja: hakuna kitu kinakaa mbele ya tundu. Si begi, si koti, si shangazi mnene.

Sasa khocha. Khocha ni kaka yake mama, anakaa Bungoma, ananunua mahindi Naitiri na kuyauza kwingine. Mimi ni mwiwa wake, mtoto wa dada yake. Kwa watu wa upande wa mama, khocha si mtu wa kuchezea. Akikulaani, wanasema, laana hiyo haina dawa. Na yeye alikuwa akiijua hiyo nguvu na kuitumia vibaya, kama prifekti.

Siku moja ya likizo, mama akiwa darasani Bungoma na mimi nikimngoja kwa nyanya, khocha aliazima gari lake. "Naenda tu hapo, narudi." Hapo palikuwa Naitiri. Alipakia magunia matatu ya mahindi kwenye kiti cha nyuma, na kuku juu yake. Hayo niliyasikia baadaye kwa watoto wa jirani wa nyanya, maana alilipangusa gari kabla ya kulirudisha. Lakini kwenye dashibodi taa ya onyo, pembetatu nyekundu, ilikuwa inawaka, na hiyo hakuweza kuipangusa.

"Dada," akasema, bila hata kumeza mate, "huyu mtoto wako amekuwa akibonyeza bonyeza vitu humu ndani. Mimi nimeikuta hivi."

Mama akanigeukia. "Ulibonyeza?"

"Sijabonyeza kitu."

"Kwa hivyo khocha wako anadanganya?"

Hilo swali halina jibu kwetu. Ukisema ndiyo, umelaaniwa. Ukisema hapana, umebonyeza. Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa kukiri. Tuliporudi Matisi mama akachukua brashi, akaiweka juu ya kabati, akasema nisiguse gari lake tena. Kesho yake taa ilizimika yenyewe, lakini brashi ilibaki juu, na hakuna aliyesafisha lile tundu muhula mzima. Kabla hatujaondoka Bungoma khocha alikuwa amenikonyeza, akaniwekea peremende mkononi. Peremende! Mtu wa Form Two, nina ndevu tatu tayari! Niliila, sikatai. Lakini niliila nikiapa.

Nilijaribu kisasi kidogo kidogo. Nilimtilia chumvi kwenye chai, akasema chai ya Kitale siku hizi ina ladha. Nilimfunga kamba za viatu pamoja, akavaa ndala. Mtu huyo alikuwa haumizwi na kitu. Nikajua lazima nimpige mahali anapojipenda.

Desemba ikanipa nafasi. Khocha alikuwa amechumbia msichana wa upande wa Naitiri, na siku ya kwenda kuzungumza mahari ikafika. Tulikuwa Bungoma kwa nyanya, kwa sababu mama alikuwa na mitihani wiki hiyo. Khocha akaomba gari. "Nataka wakwe waone nikiingia bila kelele," akasema, "kama mtu amesoma." Mpango ulikuwa yeye aendeshe, nyuma tukae mimi na kuka, kaka yake marehemu babu. Mama angepanda pikapu na mashangazi.

Mimi nikafanya hesabu zangu. Betri itapata joto, pembetatu itawaka, gari litalegea mbele ya wakwe, khocha ataaibika, nitachomoa soksi, kila kitu kitapoa. Halitakufa, litazimia tu. Mwalimu wangu wa fizikia asingenipa hata alama ya kuhurumiwa. Asubuhi khocha alipokuwa akipiga viatu rangi, mimi nilikuwa ndani ya gari na soksi zangu.

Kisha pikapu ikajaa. Shangazi mmoja alikuja na shangazi mwingine asiyehesabiwa. Nikasikia mlango wa mbele wa gari letu ukifunguliwa, mama akaingia na faili lake la masomo, akalipakata.

"Mama, si unaenda na wale?"

"Nitasomea wapi kule, kwa vichwa vyao?"

Nikataka kuchomoa. Lakini kuka alikuwa ameshakaa, koti zito, kigoda mapajani, mgongo na mbavu zote zimeegemea lile tundu. Katikati yetu kreti ya soda. Khocha akaondoa gari.

Mpaka tunatoka kwa lami hakuna kilichotokea, nikaanza kudhani soksi zangu zinavuja hewa, maana kisigino kimoja kilikuwa na tobo. Tuliposhika njia ya Naitiri, jua kali, vilima, watu wanne na kreti, feni ya kupoza betri ikaanza kulia nyuma ya mgongo wa kuka kama nyuki ndani ya mkebe.

"Hiyo sauti ni ya nini?" mama akauliza.

"Ni gari kufurahi," khocha akasema.

"Haijawahi kufurahi hivyo."

Baada ya kilima cha pili pembetatu nyekundu ikawaka. Mama akafunga faili. "Simama."

"Dada, nitasimama aje? Tumebakisha kama kilomita moja. Wakwe wako kwa barabara!"

Kweli walikuwa kwa barabara. Watoto wao walikuwa wametumwa kutupokea, na gari likaanza kulegea papo hapo, kwenye kamlima ka mwisho. Khocha alikanyaga mafuta mpaka goti likanyooka. Gari halikujali. Pikapu ya mashangazi ikatupita wakipiga vigelegele, wakidhani tunaenda pole kwa heshima. Watoto wakatembea kando ya dirisha letu bila haraka. Mmoja akaingiza kichwa. "Mzee, tusukume?"

"Toa kichwa! Isisukumwe! Hii ni ya umeme!" khocha akafoka.

"Stima imepotea?"

Kisha nyanya mmoja mwenye mkongojo akatupita pia. Hakutuangalia hata. Jasho lilikuwa linatoka kwa khocha kutoka kichwani mpaka kwa kola ya shati jipya, na mimi, nitasema ukweli, nilifurahi mpaka tumbo likauma. Nilihesabu kila tone. Hilo ni la magunia. Hilo ni la kuku. Hilo ni la peremende. Niliuma mkono wa shati nisicheke kwa sauti.

Halafu nikamwona mama kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Alikuwa anatazama ile taa, midomo inaenda. Nikasikia: "Bwana, si betri. Chochote, si betri." Akapapasa dashibodi kama mtu anayepapasa ng'ombe mgonjwa. Ningesema hapo. Sikusema. Nilitaka khocha afike langoni hivyo hivyo, atake asitake, na langoni palikuwa hatua hamsini.

Tulifika langoni tukitambaa. Baba mkwe amesimama na wazee wake, kofia mkononi. Gari likaguna, khocha akazima. Mama hakushuka. Alisema, si kwa mtu yeyote, "Basi. Jumatatu nitaenda chuoni niwaambie wafute jina langu."

Kicheko changu kiliisha kama kimekatwa na panga.

"Kuka," nikasema, "tafadhali inua kiuno kidogo."

"Kiuno changu kimekukosea nini?"

"Kuka, tafadhali!"

Akainuka akinung'unika. Niling'oa kifuniko, nikachomoa soksi ya kwanza, ikatoka moto kama mkate. Nikachomoa ya pili. Kuka akaninyang'anya hiyo ya pili, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ile ya kusoma ibada: "Mia nne kumi na saba. Hii gari ni ya shule?"

Hakuna aliyecheka. Mama alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa kuka, akamshusha mzee wa watu na kigoda chake. Akaingiza mkono kwenye tundu mpaka kifundo. Mkono ukatoka na makapi ya mahindi. Akaingiza tena, ukatoka na vumbi zito kama unga na manyoya ya kuku, meupe, mawili. Akayaweka juu ya paa la gari kama mtu anayepanga ushahidi.

"Nani alibeba kuku ndani ya gari yangu?"

Khocha akaangalia upande wa mlima. "Hizo ni za zamani, dada. Za Wajapani."

"Wajapani walibeba mahindi ya Naitiri?"

Hapo baba mkwe akasogea. Alikuwa mzee mpole, na aliuliza kwa upole, ndiyo maana ikauma zaidi. "Samahani, mama. Umesema gari yako? Huyu kijana alituambia ni yake. Alituambia ana mbili."

Khocha akaniangalia mimi, na nilijua anatafuta laana. Lakini huwezi kumlaani mwiwa wako mbele ya wakwe wakati makapi yako yako juu ya paa. Nikamkonyeza. Hilo sijutii mpaka leo.

Wazee wakaingia ndani na khocha katikati yao, anatembea kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mama hakwenda. Tulifungua milango yote minne, tukatoa kreti, mimi nikapuliza lile tundu kwa mdomo mpaka nikaona nyota. Tukangoja kwenye kivuli cha pikapu. Baada ya muda mrefu mama akabonyeza kitufe cha kuwasha. Pembetatu ilikaa, ikakaa, halafu ikazimika. Feni ikaanza kuvuma taratibu, sauti yake ya kawaida. Mama akaweka paji la uso juu ya usukani.

Mimi nikaona ndio wakati wa kujitetea. Nikamwambia yote: magunia, kuku, lile swali lisilo na jibu, peremende. Nikamwambia nilikuwa namlipizia khocha, si yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Halafu akasema hivi, na nimeandika kama alivyosema:

"Khocha wako nitamalizana naye, na hatasahau. Na siku ile ya taa sikukuamini, hilo ni kosa langu. Lakini leo uliniona nikiomba Mungu tangu kilima cha pili, na soksi unajua ziko wapi, na ukangoja mpaka langoni. Usiniambie ati ulikuwa unamlipizia khocha. Mimi ndio nilikuwa ndani ya hiyo gari."