Kulabu ya Magogo, Ng'ambo ya Mto Mara

Siku tatu mfululizo sikupata usingizi wa maana, na kilichoninyima usingizi kilikuwa kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Jumamosi nilikiacha kikali. Jumatatu, kabla hata ya saa nne asubuhi, kilikuwa kimelala kama ulimi wa ng'ombe. Chuma hakilali chenyewe. Kuna mtu alikilaza. Nani, na kwa nini?

Nieleze vizuri, kwa faida ya wasiowahi kuingia kwenye kiwanda cha mbao. Gogo la mkaratusi halisukumwi kwa mikono. Upo mpini mrefu wa mti mgumu, na karibu na mwisho wake imefungwa kulabu ya chuma inayocheza kwenye msumari mnene. Unaing'atisha ncha ya kulabu kwenye gogo, unavuta mpini, gogo linageuka na kukaa mbele ya msumeno. Kulabu ikiwa nzuri, watu wawili wanatosha. Ikiwa mbaya, wanne wanahema, na siku yoyote inaweza kuachia.

Ya kwetu iliachia siku hiyo ya Jumatatu. Gogo lilirudi nyuma likamgonga Baba mdogo mguuni. Yeye ndiye mwenye kiwanda, hapa Nyarero, na ndiye aliyenipokea nilipomaliza chuo na kukosa ajira kwa mwaka mzima. Mfupa haukuvunjika, lakini mguu ulivimba kama kiazi. Aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Kulabu ilikuwa mikononi mwa Mwita," alisema. "Na ufunguo wa stoo inamowekwa anao Mwita. Wewe umesoma. Nenda naye kwa mhunzi wake huko Serengeti, mkatengeneze nyingine. Lakini umuulize huyo mhunzi: ile ya zamani imeharibika, au imeharibiwa? Neno utakalorudi nalo ndilo nitakalolifuata. Kama imeharibiwa, Mwita hatakanyaga tena hapa."

Mwita hakujua habari ya swali hilo. Alijua tu kwamba tunakwenda kutafuta kulabu mpya.

Mimi nilikuwa nimeshamhukumu nusu. Mwita amegeuza magogo pale kwa miaka kumi na moja, ana watoto watano, na mwezi uliopita Baba mdogo alinipa mimi usimamizi ambao kila mtu alidhani ni wake. Tangu siku hiyo ananiita Msomi. Ukiwa na sababu ya kukasirika, na ufunguo wa stoo, unahitaji nini tena?

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuliondoka Nyarero kwa lori lililobeba mbao zetu kwenda Mugumu. Nilimsalimu Mwita shikamoo kama kawaida, akaitikia marahaba kwa uchangamfu ambao haukunipendeza. Kulabu ya zamani ilikuwa kwenye gunia. Nilinyoosha mkono niipokee.

"Acha, Msomi," alisema. "Itakuchafua shati."

Akaipakata safari nzima, yeye akiwa dirishani, mimi nimebanwa katikati yake na dereva. Nilijiuliza kwa nini hataki itoke mikononi mwake.

Saa mbili na nusu tulisimama karibu na Genkuru kunywa chai. Pale, jirani na machimbo, watu ni wengi na wa kila mkoa, kila mmoja na habari yake ya dhahabu. Kijana mmoja wa kutoka Geita alitujia na mfuko, akafunua kulabu inayong'aa, nzito, nzuri kuliko yetu ilivyowahi kuwa. Alisema ni ya bei ya kutupa. Hakusema ilitoka wapi.

Nilitaka angalau kuishika. Mwita hata hakuitazama.

"Chuma kisicho na mwenyewe kina mwenyewe," alimwambia. "Peleka mbele, mura, kijana wangu."

"Mzee unaogopa chuma?" kijana alimcheka.

"Naogopa kulala ndani nikiwa na mke nyumbani. Wewe huna mke, hujui."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliwaza: kama kulabu nzuri ipo hapa mkononi, kwa nini anang'ang'ania twende mpaka kwa mhunzi wake? Wanagawana kitu? Au mhunzi ameshaandaliwa la kusema?

Dereva, mtu aliyezoea njia ya Sirari, alinitazama nilivyonuna. "Bwana mdogo, unaumwa ama unahesabu mbao?"

"Nipo sawa," nilimjibu.

Tulipofika daraja la Mto Mara sikuyatazama maji, ingawa yalikuwa mengi na mekundu. Niliitazama mikono ya Mwita. Kama angetaka ushahidi upotee, hapo ndipo mahali pake. Katikati ya daraja kweli alitoa mkono wa kushoto dirishani. Nilinyoosha shingo. Alitupa ganda la ndizi.

Ng'ambo ya mto kuna kizuizi. Askari alikagua hati za mbao, akaridhika, kisha akaliona gunia. Alitushusha, akalifungua, akaigeuza ile kulabu na mpini wake uliopasuka. Huko ni upande wa hifadhi ya wanyama, na kitu chenye ncha na mpini mrefu hakipiti bila maswali.

"Hiki mnawindia nini?"

"Magogo, afande," Mwita alijibu. "Hayakimbii, lakini yanauma. Tajiri wetu yameshamng'ata mguu."

Askari alijizuia asicheke, akashindwa, akaturuhusu. Nilibaki nikiwaza jinsi ulimi wa Mwita ulivyo mwepesi. Mtu anayemwambia askari jambo likapita, atashindwaje kunidanganya mimi?

Saa saba mchana lori lilitushusha kwenye kijiji kimoja kabla ya Mugumu, tukapanda kilima kidogo hadi kwa mhunzi. Jina lake Nyamhanga, mtu mfupi mwenye mabega mapana na nyusi zilizoungua. Nilipita moja kwa moja hadi penye moto. Mwita alibaki nje ya ua mpaka alipoitwa mara mbili, na alipoingia alikaa mbali na nyundo na fuawe, kana kwamba zingemng'ata.

Anaogopa kuumbuliwa, niliwaza. Kumbe palikuwa na jambo jingine. Kwa Wakurya, wahunzi ni watu wa ukoo wa peke yao, na zamani walihofiwa. Hata kuoana nao ilikuwa mwiko.

"Bibi yangu akijua nitalala kwa mhunzi, atafufuka," Mwita alisema.

"Akifufuka muulize jembe lake alilinunua wapi," Nyamhanga alimjibu. Wakacheka wote wawili, na ilionekana ni mzaha waliourudia kwa miaka.

Kisha wakaanza Kikurya, haraka haraka. Mimi nilikulia Morogoro. Kikurya changu kinaishia kwenye salamu na chakula. Nilichokishika ni jina langu, Marwa, mara mbili, na mara zote mbili mhunzi alinitazama kisha akaangalia chini. Aliitoa kulabu kwenye gunia, akapitisha kidole kwenye ncha, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: "Imechoka tu. Ni ya zamani."

"Imechoka au imechokeshwa?" niliuliza.

"Imechoka."

"Yaani hakuna mtu aliyeigusa?"

Nyamhanga alimtazama Mwita. Mwita alikuwa anatazama mbuzi. Nikajua nimempata.

Mama Boke, mke wa mhunzi, alituandalia ugali wa mtama na mchuzi wenye uchungu wa nyongo, nikala kidogo sana. "Huyu mgeni anakula kama anakagua," alimwambia mumewe. Ilikuwa kweli. Siku hiyo hata mchuzi niliushuku.

Alhamisi, saa moja asubuhi, kazi ilianza. Nyamhanga alichukua kipande cha springi ya lori, akaniuliza magogo yetu ni manene kiasi gani. Nilitoa daftari nikamsomea vipimo vya magogo thelathini, mpaka nusu sentimita. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akafungua mikono kama anayekumbatia mtu. "Hivi?" Nikasema ndiyo. "Basi." Akamtuma Mwita bondeni na shoka kutafuta mti wa mpini, maana mpini, alisema, huukata atakayeushika.

Mwita alipoondoka, niliuliza kwa mara ya tatu. Na nilimwambia yote, hata kwamba ajira ya mtu inategemea jibu lake.

Mhunzi aliweka nyundo chini. Alichukua tupa, akaisugua juu ya kulabu ya zamani, karibu na shingo. Tupa iliteleza ikilia, haikula kitu. Akaisugua kwenye ncha. Ilikula kama inakwangua sabuni.

"Chuma kimoja," alisema. "Huku kigumu, huku laini. Unaona hii rangi?" Kulikuwa na mkanda wa buluu na kijivu, kama shingo ya njiwa. "Hiki kimeuawa kwa moto. Mtu alikinoa kwenye mashine inayozunguka, akakandamiza, hakuweka maji. Kilitoka kikali, kinang'aa, ukikiona unakipenda. Lakini kimekufa."

Nilikaa juu ya gogo. Jumamosi, mashine ya kunolea, cheche za kupendeza. Na Mwita amesimama mlangoni: "Msomi, weka maji." Na mimi, bila hata kugeuka: "Mzee, haya mambo nimeyasoma." Sikuwa nimeyasoma. Nilikuwa nimeona video moja. Katika siku zote nilizochunguza, sikuwahi kuyaweka maneno yale kwenye hesabu yangu, kwa sababu niliyahesabu kama kelele za mtu mwenye wivu.

"Kwa nini jana hukusema?"

"Aliniomba. Alisema usiaibishwe mbele ya watu. Ukimwaibisha mtoto wa tajiri, mwenye kumwaga unga ni wewe. Ana watoto watano." Akaokota nyundo. "Lakini mimi siwezi kukupa chuma kipya wakati hujui kilichoua cha kwanza. Utakiua na hiki, halafu watasema Nyamhanga hajui kazi."

Kwa hiyo Mwita alikuwa anadhani kunyamaza kunailinda kazi yake. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kunyamaza huko ndiko kungemfukuzisha.

Saa tano mhunzi aliniita kwenye moto. Alikwisha kuikunja kulabu mpya na kuizimisha kwenye oili chafu ya gari. Sasa alikuwa anaipasha tena pole pole, na aliniagiza nitazame ncha. "Ikifika rangi ya majani makavu, sema." Nilitazama bila kupepesa, nikaogopa kuwahi, nikaogopa kuchelewa. "Sasa!" Akaizamisha. Alipoijaribu kwa tupa, tupa ikateleza. Hakunisifu. Alisema tu, "Unaona? Macho unayo."

Mwita alirudi na mti ulionyooka, akaupima kwa kwapa lake, akauchonga. Sikumwambia kitu. Niliogopa uso wake.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, lori lilitupitia likirudi tupu. Mwita alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Alipiga stori na dereva kuanzia kizuizini hadi mtoni, alinisifu kwamba nimeshika kazi ya moto kama mtu mzima, na alisema kwa kulabu hii watu wawili watageuza magogo ishirini kabla ya chai. Mimi nilikuwa napanga sentensi. Ya kwanza: "Mhunzi hana uhakika." Ilionekana nzuri, haimgusi mtu. Nilipoigeuza niliona inamwacha Mwita kwenye shaka ileile niliyolala nayo siku tatu, na Baba mdogo si mtu wa kulala na shaka. Ya pili: "Imechoka tu." Huo ulikuwa uongo wa Mwita mwenyewe, na nani angeniamini, wakati kila mtu aliniona nikiinoa Jumamosi? Tena mhunzi yupo, na anaweza kuulizwa. Ya tatu sikutaka kuimalizia. Usimamizi wangu ulikuwa wa mwezi mmoja tu, na sababu yake yote ilikuwa kwamba nimesoma.

Tulipita Kemambo jua likiwa utosini. Nilijifunza jambo moja katika safari ile, na si la kujivunia: nilikuwa nimeshuku kila kitu kuanzia ganda la ndizi hadi mchuzi wa Mama Boke, isipokuwa mikono yangu.

Saa nane mchana, Nyarero. Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya rundo la mabanzi, mguu umefungwa kitambaa. Watu wa msumeno walizima mashine wakaja kuona kulabu. Ilipita mkono kwa mkono. Mtu mmoja aliing'atisha kwenye gogo nene na kuligeuza peke yake, wakashangilia. Baba mdogo hakushangilia. Alinifanyia ishara ya kichwa, kwamba twende ndani.

Ndani, mlango ungefungwa, na ningeweza kuchagua sentensi yoyote.

"Hapa hapa, Baba mdogo," nilisema.

"Hapa, mbele ya watu?"

"Ndiyo." Mwita alikuwa amesimama na mpini wake, bado anatabasamu. "Uliniambia nimuulize mhunzi kama ile kulabu iliharibika au iliharibiwa. Iliharibiwa."

Tabasamu la Mwita liliondoka. Alinitazama mimi, akamtazama Baba mdogo, na nikaona ameelewa kwa mara ya kwanza safari ile ilikuwa ya nini. Aliulaza mpini chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Ni mimi niliyeiharibu," nilisema, kabla woga haujanishika tena. "Niliichoma kwenye mashine Jumamosi. Mwita aliniambia niweke maji, nikamjibu vibaya. Mguu wako ni kazi ya mikono yangu."

Nilitoa mfukoni ufunguo wa mashine ya kunolea, niliokabidhiwa pamoja na usimamizi, nikavuka pale penye vumbi la mbao na kumpa Mwita mkononi.