Mnyauko Waingia Chonyonyo

Wapenzi wa kelele wa Karagwe na Kyerwa wanasikitika kutangaza kifo cha bendi ya Mnyauko, kilichotokea ghafla huko Chonyonyo baada ya marehemu kuugua sifa kwa muda mfupi. Marehemu ameacha gitaa moja la kwaya, jaba moja lenye ufa na mwimbaji mmoja aliyefukuzwa kwao. Habari ziwafikie wote waliowahi kuziba masikio.

Mwimbaji huyo ni Adelard Mbonimpa, mtoto wa Speciose, mkulima wa migomba palepale Chonyonyo. Adelard aliuonja muziki wa panki kwenye simu: nyimbo fupi kuliko sala ya chakula, gitaa linakwaruza kama bati linaburutwa, mwimbaji anabweka mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kilichomvutia zaidi ni habari kwamba huko ulikozaliwa muziki huo, waimbaji wake walikuwa wakifukuzwa. Kumbini wanafukuzwa, mjini wanafukuzwa, nyumbani wanafukuzwa. Adelard hakuwahi kufukuzwa popote. Hata shule alimaliza. Akaapa kwamba kabla hajaoa, lazima papatikane mahali pa kumkataa.

Akampata Winston wa Kaisho, aliyepiga gitaa la kwaya bila kwaya kujua, na Kayitesi, fundi cherehani aliyelipiga jaba la maji kana kwamba limemtukania mama. Bendi wakaiita Mnyauko, ule ugonjwa unaokausha migomba na kuozesha ndizi mkunguni. Kwa watu ambao ndizi ndiyo chakula na vingine vyote ni vitafunio, jina hilo lilikuwa tusi la kutosha.

Onyesho la kwanza lilikuwa gulioni Rugu, kwa wimbo wa kuwatukana wazee. Tatizo ni kwamba Adelard amelelewa na Speciose. Alishika kipaza sauti, akawaona vikongwe mstari wa mbele, mdomo ukajiendea wenyewe.

"Shikamooni!"

"Marahaba!"

"Wazee mmeoza!"

"Marahaba, baba!"

"Mnanuka pombe ya rubisi!"

"Marahabaa!"

Bibi mmoja, Laurensia, alicheza mpaka kitenge kikalegea. Mwisho akawapa mkungu wa ndizi. "Wajukuu zangu mna adabu," akasema. "Wengine siku hizi hata hawasalimii."

Adelard alirudi nyumbani na mkungu begani, amenuna.

Mara ya pili akaamua kumalizana na kijiji chake mwenyewe. Akabandika karatasi kwenye miti na kwenye mlango wa mashine ya kusaga: MNYAUKO WAINGIA CHONYONYO JUMAMOSI. JIANDAENI.

Watu wakajiandaa. Walikuja na mapanga, kijiji kizima, wakidhani ni semina ya ugonjwa wa migomba. Benitha, bibi shamba wa kata, alifika mbio na hasira kwamba hakuarifiwa. Akakalishwa kiti cha mbele. Adelard alipoyaona mapanga, moyo ulimruka kwa furaha. Leo ndiyo leo, nafukuzwa! Akafumba macho, akabweka wimbo wake mkali kuliko zote, uliokusudiwa kuangamiza kila kitu chini ya jua:

"Kata! Choma! Fukia!"

Mzee Rogasian akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Tunafukia kina gani?"

"Cha kaburi!" Adelard akanguruma.

"Kina cha kaburi," watu wakaambiana, wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Benitha akasimama kupiga makofi. Miaka yote amehubiri jambo hilohilo kwa migomba inayougua, bila kusikilizwa. Kumbe alichokosa ni jaba.

"Rudieni," akasema. "Kuna waliochelewa."

Wakarudia mpaka jaba likapasuka.

Umati ukaondoka unaimba, moja kwa moja hadi kibanjani, kwenye migomba ya Speciose. Ilikuwa heshima: kazi ianzie kwa mama wa mwalimu. Majani machache ya njano, ya jua la Agosti tu, yakatosha kuwa ushahidi. Adelard alipomaliza kukunja nyaya na kufika nyumbani, migomba yote ya mbele ya nyumba imelala, majirani wanachimba shimo kwa furaha, na Speciose kasimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi.

"Mama, shikamoo."

"Shikamoo yako kampelekee Winston."

"Mama, ile ilikuwa sanaa tu."

"Sanaa naimenya? Si ulitaka kufukuzwa wewe? Kutwa unanipigia kelele humu, watanifukuza, watanifukuza. Haya, umefaulu. Toka! Utarudi migomba hii ikizaa."

Mgomba, kwa msioujua, huchukua mwaka na zaidi kuzaa.

Mimi mwandishi wa tanzia hii nilimkuta Adelard huko Kaisho, nyuma ya geto la Winston, akichimbua machipukizi ya kwenda kumpandia mama yake. Nikavua kofia.

"Kamaradi," nikasema, "wengi wanaota tu, wewe umefika. Umekataliwa na mama mzazi. Kizazi kizima kinauliza: uhuru una ladha gani?"

Adelard akakung'uta udongo kwenye jembe.

"Ya ugali," akasema. "Winston hajui kupika kingine."